Doti Mia Sita Juu ya Barafu

Haikuwa zamani, wala si mbali. Ila wenye nchi hiyo wameomba isitajwe, nami ni mtu wa kusikia maombi, hasa yakiletwa mlangoni na mabwana wawili waliovaa miwani myeusi. Basi tuiite Fukutoni, tuendelee na yetu.

Fukutoni ni nchi ya joto. Ukianika kanzu mbichi ukaingia ndani kusali rakaa mbili, ukitoka unaikuta imekauka, na kama jirani si mwaminifu, huikuti. Serikali ya huko ni ya wananchi, na wananchi ni wa Mlezi Mkuu, kwa hiyo hakuna anayeweza kulalamika kwamba hana mwenyewe. Katikati ya joto hilo umesimama Uwanja wa Barafu wa Taifa. Usicheke. Nchi moja rafiki, ya huko kwenye baridi, ilimwuliza waziri wa Fukutoni wananchi wake wana haja gani kubwa, na siku hiyo waziri alikuwa na kiu. Akasema barafu. Wenzetu wale hawana mzaha na neno la mtu mzima. Wakajenga jumba, wakatandaza barafu ndani yake mita sitini kwa thelathini, wakakata utepe, wakarudi kwao. Kwa miaka tisa jumba lile likahifadhi nyama ya harusi za wakubwa, na lazima tuseme haki, hakuna nyama iliyooza.

Pamoja na jumba zilikuja kanda za televisheni, za bure, zikionyesha mchezo wa kuserereka barafuni. Televisheni ya Fukutoni ina kipindi kimoja tu, nacho ni hotuba ya Mlezi Mkuu. Lakini hotuba ni ndefu na kanda yake ni kuukuu. Ikikatika, mafundi huweka kanda za barafu mpaka waiunge. Ndivyo Mzee Kondo Mwinjuma, dobi wa mtaa wa Majengo Mabovu, alivyomwona Ilma Torvesen kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo alikuwa ananyoosha suruali ya karani mmoja. Hotuba ikakatika katikati ya neno "maendeleo", na kwenye kioo akatokea msichana mwembamba aliyevaa viatu vyenye vyuma vya makali chini yake, anakwenda kinyumenyume. Mzee Kondo akabaki na pasi ya mkaa mkononi, ameinyanyua. Sasa wewe huenda hujui kazi hii, nikuambie. Kwenda mbele na pasi hata mpumbavu anaweza. Kurudi nayo nyuma bila kuacha mkunjo, hapo ndipo dobi anapojulikana. Binti yule alirudi nyuma uwanja mzima, akaruka, akajizungusha mara tatu hewani, akatua kwa mguu mmoja na kuendelea kurudi nyuma kana kwamba hakuna lililotokea. Mzee Kondo aliposhtuka, kaa la moto lilikuwa limeangukia suruali ya karani na kutoboa paja.

Tangu hapo, mtu akawa si wake tena. Miaka tisa hakukosa kanda hata moja. Alijua magauni yote ya Ilma, alijua kifundo cha mguu kilichovunjika na mwaka kilipopona, alijua kwamba amekuwa bingwa wa dunia mara saba. Majina ya miruko yake hakuna aliyemfundisha, akayatunga mwenyewe kwa elimu aliyonayo. Mruko mdogo aliuita Kola. Wa kunyoosha mkono aliuita Mkono wa Kanzu. Ule mkubwa wa mara tatu, wa kutua kinyumenyume, aliuita Kanzu ya Idi. Kila alfajiri aliomba dua kwamba Mlezi Mkuu apewe maisha marefu na kanda ya hotuba yake maisha mafupi, ila nusu ya pili aliiomba kwa sauti ya chini.

Kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi. Televisheni ya Fukutoni, kwa ajili ya uzalendo, ilikuwa imefuta sauti za kanda zile na kuweka bendi ya matarumbeta. Kila Ilma alipotua, ngoma ililia ndu. Kwa hiyo Mzee Kondo hakujua: anapotua juu ya barafu, kuna sauti au hakuna?

"Hakuna," alimwambia mkewe. "Fundi wa kweli hasikiki."

"Chuma kipige barafu kisilie?" akasema Bi Mize. "Sufuria yangu yenyewe hulia, na haijawa bingwa wa kitu."

Bi Mize alimhesabu Ilma kuwa mke mwenza. Alinunua kanga iliyoandikwa PENDA UPENDAPO UTARUDI KWANGU, na kila kanda ilipokatika alijifunga kanga hiyo akapita mbele ya televisheni, mara ya kwanza kwenda kuchukua ufagio, mara ya pili kuurudisha. Lakini kwa majirani alikuwa mkweli. "Mke mwenza asiyekula wali wangu," alisema, "nitamgombea nini?"

*

Basi ikaja habari. Ilma Torvesen anaacha mchezo, na kabla ya kuvivua viatu vile kabisa, atazunguka nchi rafiki kuaga. Kituo cha mwisho kitakuwa Fukutoni. Nyama ikaondolewa uwanjani siku hiyohiyo. Mzee Kondo akapata homa ya furaha, akalala siku mbili, nguo za wateja zikalala naye.

Lakini Fukutoni hakuna jambo linalopendwa ovyo. Jumatatu Serikali ilitangaza kwamba inampenda Ilma, Jumanne ikaundwa Idara ya Ushabiki, na Jumatano ikatoka amri kwamba hakuna atakayeingia uwanjani bila kitambulisho cha shabiki, na kitambulisho hakitolewi bila usaili. Mzee Kondo akavaa kanzu yake aliyoinyoosha mara mbili, akaenda mapema kabisa.

"Umeanza kumpenda lini?" akauliza karani wa Idara.

"Mwaka wa tisa huu, mwanangu."

Karani akaweka kalamu mezani. "Mzee, Serikali imeanza kumpenda Jumatatu."

"Naam, nimesikia."

"Wewe umeitangulia Serikali kwa miaka tisa. Kwa idhini ya nani?"

"Yalikuja tu, mwanangu. Nilikuwa napiga pasi."

"Yalikuja tu," karani akaandika, akapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu. "Swali la pili. Ilma anavutiwa na nini zaidi katika nchi yetu?"

Jibu sahihi lilikuwa "sera". Lilikuwa limebandikwa ukutani nyuma ya karani, kwa wale waliotaka kuangalia. Mzee Kondo akasema hajui, hajamwuliza.

"La mwisho. Ilma amewahi kuanguka?"

"Mara nne, kwa nilizoziona mimi," akasema Mzee Kondo, na uso wake ukachangamka. "Zote alinyanyuka. Ya tatu alinyanyuka akicheka."

Karani akamtazama kwa huruma. Mgeni wa dola hajawahi kuanguka. Kila mtu aliyesoma waraka wa Idara alilijua hilo. Akapiga muhuri kwenye karatasi, akamkabidhi, nao muhuri ulisema: HAFAI KUSHANGILIA. Vitambulisho elfu mbili vilikwenda kwa wake wa wakubwa, dada za wakubwa, na wakwe wa wakubwa wote hadi ngazi ya tatu. Wakafundishwa jioni tatu mfululizo kupiga makofi ya kilo, yale ya pamoja kwa mpigo mmoja.

Usiku ule Mzee Kondo hakula. Bi Mize akamkuta amekaa kitako, amegeukia ukuta.

"Miaka tisa namwona kwenye kioo," akasema. "Leo anakuja hapa, mwendo wa kuvuka soko tu, na mimi sitamwona. Na akiondoka, ndiyo basi tena. Imeniuma, Bi Mize. Siwezi kukuficha."

Bi Mize alikuwa na kijembe tayari mdomoni. Akakimeza, akamsogezea chai.

*

Siku tatu kabla ya onyesho, magari matatu yalisimama mbele ya banda la dobi. Kutoka lile la katikati akashuka Waziri wa Heshima na Itifaki, Mheshimiwa Sefu Mbwembwe, ambaye siku hizo alikuwa pia Shabiki Mkuu wa Taifa.

"Mzee," akasema, "taifa linakuita. Sheria ya Itifaki, kifungu cha kumi na nane, inasema mguu wa mgeni wa dola hautagusa chini patupu. Mila zetu zinatufundisha hivyo. Bibi harusi hutandikiwa kanga, sembuse bingwa wa dunia. Nimeagiza doti mia sita, mpya. Zitandikwe uwanja mzima, ukuta kwa ukuta. Nataka zisiwe na mkunjo hata mmoja, na nimeambiwa dobi wa kazi hiyo ni wewe."

Mzee Kondo akadhani hakusikia vizuri. "Mheshimiwa, zitandikwe juu ya barafu?"

"Juu ya barafu."

"Atapitaje?"

"Atapita kwa heshima."

"Mheshimiwa, nisamehe. Binti yule kazi yake ni barafu. Ukiifunika, ni kama umemwita dobi ukaficha nguo."

Mheshimiwa Mbwembwe akacheka kicheko cha mtu aliyesomea nje. "Mzee, barafu imekuja nchi hii miaka tisa iliyopita. Kanga aliikuta bibi yangu. Kipi kimpishe mwenzake?"

Hapo Mzee Kondo akapata wazo jingine: mwenye kutandika kanga uwanjani lazima aingie uwanjani. Alikuwa amenyimwa mlango wa mashabiki, na sasa anafunguliwa mlango wa pasi. Atakuwa ndani, hatua chache kutoka kwa Ilma, na barafu itakuwa imefunikwa kwa mikono yake mwenyewe.

Kanga zikaletwa kwa lori. Zilikuwa nyekundu, na zote ziliandikwa MGENI NJOO MLEZI APONE. Katikati ya kila moja palikuwa na sura ya Mlezi Mkuu, kubwa kama sinia, akitabasamu. Kwa siku tatu mchana kutwa Mzee Kondo akaipiga pasi sura ile mara elfu moja na mia mbili, Bi Mize akinyunyiza maji.

*

Siku ya siku ilipofika, mashabiki elfu mbili waliingia wamevaa makoti ya mitumba, maana waraka ulisema ndani kuna baridi. Mlezi Mkuu mwenyewe hakuja. Alileta kiti chake, nacho kikapigiwa saluti. Mzee Kondo na mkewe waliwekwa nyuma ya pazia, na pasi yenye makaa, ili wakimbilie mkunjo wowote utakaojitokeza. Uwanja mzima ulikuwa mwekundu, umenyooka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, naye aliichukia.

Hotuba zilikuwa tisa. Ya Mheshimiwa Mbwembwe ilikuwa ya mwisho. Alisema kwamba mchezo wa barafu uliasisiwa Fukutoni na mababu, ambao hawakuutangaza kwa sababu ya unyenyekevu wao. Kisha akanyoosha mkono, na Ilma Torvesen akatokea langoni.

Mzee Kondo alichungulia kwenye tundu la pazia. Ilma alikuwa mfupi kuliko alivyodhani, na alikuwa na makunyanzi madogo pembeni mwa macho. Mzee akamshika Bi Mize bega.

Ilma akazitazama kanga. Mkalimani akamnong'oneza kwamba hiyo ni heshima kubwa. Akatabasamu kama mtu aliyelelewa vizuri, akanyanyua mguu wenye chuma cha makali ili akanyage, na hapo Mheshimiwa Mbwembwe akaona chuma kile kinapokwenda kutua. Kilikuwa kinakwenda juu ya pua ya Mlezi Mkuu.

"Simama hapo," akasema.

Maana kile kifungu cha kumi na nane hakikuwa peke yake. Kulikuwa na kifungu cha tatu, kinachosema yeyote atakayekanyaga sura ya Mlezi Mkuu, kwa kiatu au kwa peku, atakwenda mahali ambako hatakanyaga tena kitu. Kanga zisipokuwepo, mgeni atagusa chini patupu. Zikiwepo, atamkanyaga Mlezi. Kamati ikakaa palepale, wajumbe kumi na wanne, na Ilma akaonyeshwa benchi. Mjumbe mmoja alipendekeza kanga zigeuzwe, akaulizwa kama anapendekeza Mlezi Mkuu alazwe kifudifudi. Aliomba radhi, akaandikwa jina.

Baada ya saa moja na nusu Mheshimiwa Mbwembwe akarudi kwenye kipaza sauti na kusoma azimio. "Onyesho limepokelewa, limejadiliwa, na limehesabiwa kuwa limefanyika. Tumeridhishwa sana na kiwango chake. Makofi ya kilo."

Mashabiki elfu mbili wakapiga makofi ya kilo. Walikuwa wamefundishwa, na yalipendeza kweli. Mke wa waziri mmoja alilia, akasema hajaona kitu kizuri kama kile tangu azaliwe. Kisha wote wakatoka kwenda kwenye mahema, ambako pilau ya nyama ileile ya uwanjani ilikuwa inapakuliwa.

*

Wakabaki watu watatu. Mzee Kondo na Bi Mize walikuwa wameamriwa wazikunje kanga zote kabla jua halijazama. Ilma alikuwa benchini na viatu vyake miguuni, kwa sababu gari lake haliwezi kuondoka kabla ya gari la Waziri, na Waziri alikuwa kwenye sahani ya pili.

Mzee Kondo hakuthubutu kumtazama. Alishika pembe mbili za kanga, mkewe akashika pembe mbili, wakasogeleana, wakaunganisha, wakaachana, wakasogeleana tena. Walizianza za langoni, na kila walipoondoa moja, barafu ilitokea, nyeupe. Walipofika kama ya hamsini, Mzee Kondo alinyoosha mkono kupokea pembe, akaona mkono unaompa si wa mkewe. Ilikuwa Ilma. Alikuwa amewatazama vya kutosha akajua ile kazi inavyokwenda. Akakunja naye kanga ya kwanza vibaya, ya pili vizuri, na kuanzia ya tatu akawa anaserereka kuja na kurudi na pembe zake mkononi, kama mtu aliyezaliwa na dobi. Kazi ya jioni nzima ikaisha kabla hata chai haijatolewa mahemani.

Barafu yote ikawa wazi. Ilma akamtazama Mzee Kondo, Mzee Kondo akamtazama Ilma, na hawakuwa na lugha hata moja kati yao. Basi mzee akaichukua pasi yake, akaiweka juu ya ubao wa ukingo. Akaisukuma mbele. Akaigeuza, akairudisha nyuma, taratibu, akainyanyua, akaizungusha mara tatu, akaitua huku bado inarudi.

Ilma akacheka, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mzee Kondo akakumbuka ile Sheria ya Itifaki, akaingiwa na hofu. "Kifungu cha kumi na nane, Bi Mize. Ni mgeni wa dola."

"Mgeni wa dola si ameshahesabiwa kumaliza?" akasema Bi Mize. "Huyu sasa ni mgeni wangu mimi. Mwache acheze."

Akacheza. Hapakuwa na bendi wala ngoma. Alizunguka uwanja mara mbili akijipasha moto, akapiga Kola, akapiga Mkono wa Kanzu, na Mzee Kondo alikuwa anayataja majina kwa midomo tu, bila sauti, ili asizibe masikio yake mwenyewe. Halafu Ilma akageuka, akarudi nyuma kutoka ukuta wa mbali, na mzee akajua ndiyo hiyo inakuja. Akaruka. Mara moja, mara mbili, mara tatu, akatua.

Tsss.

Kulikuwa na sauti. Ndogo, fupi, safi. Ilikuwa sauti ya pasi ya moto inapogusa kola yenye unyevu. Mzee Kondo alikuwa ameisikia kila siku kwa miaka arobaini, chini ya mkono wake mwenyewe, na hakujua kwamba ndiyo aliyokuwa anaitafuta.

"Si nilikwambia?" akanong'ona Bi Mize. "Kinalia."

Mumewe alikuwa analia waziwazi, machozi yanamtiririka ndevuni, na wala hakujifuta.

Ilma alipomaliza akaja langoni, na pale langoni sakafu ilikuwa ya saruji. Bi Mize akafungua kanga aliyojitanda, ile ya PENDA UPENDAPO UTARUDI KWANGU, akaitandika chini mbele yake. Ilma akasita, akaonyesha makali ya viatu vyake.

"Kanyaga, mwanangu," akasema Bi Mize. "Ikikatika na ikatike."

Ikakatika, mahali pawili.

*

Baada ya wiki moja Mheshimiwa Mbwembwe akaja bandani kwa miguu, bila magari, na koti lake la sufu begani. Alikuwa amekonda. Ilikuwa imejulikana kwamba Mlezi Mkuu naye huangalia televisheni yake, na kwamba naye, kumbe, hufurahi hotuba inapokatika. Alikuwa amemwita Shabiki Mkuu wa Taifa na kumwuliza swali moja tu: binti yule anapotua, kuna sauti gani? Jibu lilitakiwa kesho. Mheshimiwa alikuwa ameuliza mashabiki elfu mbili wenye vitambulisho, na wote walisema sauti ilikuwa nzuri.

"Mzee, ninyooshee hili koti," akasema, kisha akashusha sauti. "Wewe ulibaki kule ndani ukikunja. Hukusikia kitu?"

Mzee Kondo akaingiza mkono chini ya mto wa kukalia, akatoa karatasi yenye muhuri, akaifunua mezani. "Mheshimiwa, mimi sifai kushangilia. Imeandikwa. Nitasikiaje bila kitambulisho?"

Mheshimiwa Mbwembwe akaisoma mpaka mwisho. Kisheria ilikuwa sawa kabisa. Akahema, macho yake yakamwangukia Bi Mize aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, na kanga yake yenye mikato miwili mirefu.

"Panya?" akauliza.

"Panya, Mheshimiwa," akasema Bi Mize. "Wa ugenini."

Mzee Kondo akalitandaza koti, akainyunyizia maji ile kola, akapuliza makaa. Akaipeleka pasi mbele, akairudisha nyuma, akainyanyua, akaitua.

Tsss.

Mheshimiwa akasimama palepale anamsubiri amalize, amekunja uso, anawaza atamjibu nini Mlezi Mkuu. Dobi akarudia mara ya pili, polepole zaidi, kwa kuwa alikuwa na roho nzuri. Kisha akalikunja koti, akamkabidhi, naye Shabiki Mkuu wa Taifa akaondoka.